Sikugusa Usukani

Siku waliyokutana, soko la vitu vilivyotumika lilikuwa limefurika mpaka watu walikuwa wanapita kwa ubavu. Kila redio iliimba wimbo wake, na muuza feni alikuwa amewasha feni zake zote ili upepo umwitie wateja. Katikati ya msongamano huo, dada mmoja mwenye gauni la maua ya njano, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, alikuwa ameinama mbele ya meza na kushika pembe ya kipande cha ngozi ya bandia. Kilikuwa cha rangi ya kahawia, laini, hakina ufa. Dada huyo alikuwa anashona viti: mito ya makochi, mavazi ya viti vya magari, na kazini kwao walimwita Fundi tu, ingawa mafundi walikuwa wengi. Tayari alikuwa ameshaona moyoni mwake kiti ambacho ngozi ile ingekaa.

Tatizo ni kwamba juu ya ngozi palikuwa na kitu. Kilifanana na usukani wa gari uliokatwa nusu, una mapembe mawili na vifungo vidogo vidogo, na mkia mrefu wa waya. Na kitu hicho kilikuwa kimeshikwa na mkono wa mtu mwingine.

"Samahani dada, mimi nilitangulia," alisema mwenye mkono. Alikuwa kaka mrefu, shati lake limefungwa mpaka kifungo cha kooni kama anakwenda kupigwa picha, miwani imening'inia kifuani kwa kamba.

"Ulitangulia kwa lipi? Mimi nataka ngozi."

"Na mimi nataka usukani."

"Basi kaka, inua usukani wako, mimi nivute ngozi yangu, kila mtu aende kwao."

Muuzaji akatikisa kichwa. "Siuzi kimoja kimoja. Vimekuja pamoja, vitaondoka pamoja."

"Kwani vimeoana?" Fundi akauliza.

Hata waliokuwa wanapita wakacheka. Kaka yule naye akacheka, lakini kwa aibu, akitazama chini. Mwishowe walichanga wakanunua kwa pamoja. Kaka yule akaukwapua usukani haraka kama mtoto aliyepewa pipi, kisha akageukia ngozi. Hakuikunja. Aliiviringisha taratibu, upande mzuri ukiwa nje, namna ngozi inavyotakiwa kuviringishwa ili isipate makunyanzi, akaifunga kwa kamba ya kiatu aliyoitoa mfukoni.

"Nani kakufundisha hivyo?" Fundi akamuuliza.

"Hakuna. Nimeona ina mkunjo mmoja, nikasema nisiiongezee mwingine."

Fundi aliipokea ngozi yake, lakini maneno yale nayo alikwenda nayo nyumbani.

"Na huo usukani ni wa nini?"

"Wa ndege."

"Ndege yenyewe iko wapi?"

"Sebuleni kwangu."

"We! Ya kweli?"

"Ya kwenye kompyuta," alisema, masikio yakimwiva. "Lakini naiendesha kama ya kweli."

Ndivyo Fundi alivyomjua mtu ambaye mtaani kwao walimwita Rubani, wengine kwa heshima, wengine kwa kumchokoza. Mchana alikuwa fundi wa miwani. Anasaga vioo, anavitia kwenye fremu, anawanyooshea wazee miguu ya miwani waliyoikalia. Urubani wa kweli aliutaka tangu utoto. Siku ya kupimwa walimwonyesha taa nyekundu na taa ya kijani, akaona taa mbili za rangi moja. Wakamrudisha nyumbani.

"Nikaona bora nitengeneze macho ya wenzangu," alimwambia Fundi kwenye simu, jioni ya siku ileile, maana namba walishapeana.

"Pole mwaya."

"Nimeshapoa. Sema, una rangi gani leo?"

"Mimi mwenyewe au gauni?"

"Gauni."

"Usiku huu nimevaa kanga, na hukuruhusiwa kuuliza. Lala."

Simu zikawa nyingi. Mama mdogo wake Fundi, aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki, na ambaye bado alikaa naye nyumba moja, alianza kusikia kicheko chumbani. "Huyo wa angani ataniulia mtoto," alisema. "Mtu gani anacheka peke yake mpaka anapaliwa?" Lakini Jumapili Rubani alipomwomba Fundi aje aione ndege, mama mdogo ndiye aliyempigia gauni pasi. "Nenda. Mlango wa sebule muuache wazi, majirani nao wana macho."

*

Sebule ya Rubani ilikuwa ndogo na safi. Mezani palikuwa na kioo kikubwa cha kompyuta, kingine kidogo pembeni, na ule usukani umebanwa kwenye ukingo wa meza kwa vibano. Kiti kilikuwa cha gari bovu, sifongo imetokeza kama ulimi. Fundi hakuuliza ruhusa. Alikipima kwa utepe wake, na Jumapili iliyofuata alikuja na vazi la kiti lililoshonwa kwa ngozi ile ya sokoni, mgongoni ameongeza mto mwembamba, kwa kuwa alikuwa ameona Rubani anajishika kiuno akisimama. Tena alibandika kipande kidogo cha ngozi juu ya kifungo kimoja cha usukani.

"Hiki umesema ndicho cha kuzimia ule mtambo wa kujiendesha, otopailoti, na kelele zake. Taa yake huioni rangi, basi kidole kikijue."

Rubani alikipapasa kile kifungo, akakipapasa tena. Hakusema asante. Alikwenda jikoni akakaa huko kidogo, akarudi na maji ya kunywa ambayo hakuna aliyekuwa ameyaomba.

Naye alikuwa na wema wake. Feni ilikuwa moja, ikawa inamtazama Fundi siku zote. Na kwa vile karakana yao ilikuwa na vyerehani vingi kuliko soketi, simu ya Fundi ilifika kila Jumapili ikiwa karibu kuzima. Rubani hakungoja kuambiwa. "Nipe simu yako ipate chakula," angesema mlangoni kabla ya salamu kwisha, aichukue na kuichomeka chini ya meza, kwenye kile kisanduku chenye matundu ya kuchomekea nyaya za kompyuta, jirani na waya wa usukani. Hakuna mtu aliyewahi kumfanyia Fundi hivyo. Kila mara alipokuwa anaondoka, simu ilikuwa imejaa.

Alimfundisha kuruka. Alimweleza kwamba safari ndefu hairushwi kwa mikono mwanzo hadi mwisho. Ukishapanda juu, unawasha otopailoti, nayo inaishika ndege yenyewe: inalinda kimo, inalinda njia, wewe unapumzisha mikono na kutazama saa za kimo na mwendo.

"Kumbe rubani naye ana msaidizi wa kazi."

"Msaidizi mwenye hasira. Ukimgusa usukani anasusa. Anadhani umetaka kuendesha mwenyewe, anakuachia ndege hapohapo, kisha anapiga kelele."

"Akisusa unafanyaje?"

Hapo Rubani alikuwa mwalimu hasa. "Kwanza unaishika ndege. Unanyoosha mabawa, unatazama pua isipande wala isizame. Ukishatulia, unazima kelele. Kuuliza imetokea nini ni mwisho kabisa. Wengi wanaanza kuuliza, ndege inaanguka huku wanauliza."

Na haikuchukua muda, otopailoti ikaanza kususa. Ndege imetulia juu ya mawingu, wao wanaongea yao, ghafla pii-pii-pii, pua inazama. Rubani anadaka usukani, ananyoosha, anatulia.

"Ndege yako ina wivu," Fundi alimtania. "Inaona nimekaa karibu."

Wakacheka. Jumapili nyingine ikatokea tena, mara mbili. Rubani hakucheka sana. Siku za kazi, alipojaribu peke yake jioni, otopailoti ilishika vizuri mpaka mwisho wa safari. Ilisusa Jumapili tu.

"Hukugusa, kweli?" alimuuliza siku moja kwa upole.

"Sikugusa."

"Hata mkoba?"

"Mkoba uko mlangoni, Rubani."

Akautazama mkoba, kisha usukani. Fundi aliuona mtazamo ule, akaufunika haraka, namna mtu anavyofunika sufuria asione ndani.

*

Palikuwa na chama cha marubani wa majumbani. Walirusha kila mtu kwao, lakini wakisikiana kwa vipokea sauti vya kichwani, wengine wakiwa warushaji na wengine waongozaji. Mkubwa wao waliyemwita Mwalimu ndiye aliyewapima. Aliyefaulu aliruhusiwa kuongoza safari za wengine. Rubani alikuwa ameshashindwa huko nyuma, na hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha, kwa sababu mlango wa kwanza alifungiwa na macho yake, na huu hakuna aliyempima macho. Siku ya kupimwa tena ilipangwa Jumapili.

"Uje," alimwambia Fundi kwenye simu. "Nataka uwepo nikifaulu."

"Na ukishindwa?"

"Nataka uwepo vilevile."

Na neno lingine lilikuwa limeshasemwa. Mwisho wa mwezi Rubani angekuja na kaka yake kuongea na mama mdogo. Mama mdogo alishaanza kufua mapazia.

Fundi akaenda na gauni la buluu, nywele zimesukwa upya, akampa Rubani simu kama kawaida, akakaa kwenye stuli yake upande wa kulia, mikono mapajani. Rubani akavaa vipokea sauti. Akapaa vizuri. Akaingia mawinguni, akawasha otopailoti. Mwalimu alikuwa anasikika kidogo, sauti kavu ya mtu mzima, akimwambia alinde kimo hichohicho.

Pii-pii-pii.

Pua ilipanda. Rubani alidaka usukani kwa nguvu, pua ikazama zaidi ya ilivyopanda. Mabawa yakalala upande. Kwenye wingu huoni mbele wala nyuma, na macho yake, badala ya kutazama saa za ndege, yaligeuka yakatazama mikono ya Fundi.

"Umegusa?"

"Sijagusa, tazama mbele!"

Alipotazama mbele, kimo kilikuwa kimeshapotea. Mwalimu aliuliza kuna nini. Na Rubani, jasho likimtoka, akajibu mbele ya watu wote waliokuwa wanasikiliza majumbani mwao, "Samahani Mwalimu. Mgeni wangu amegusa usukani."

Mtihani ukavunjwa. Rubani alivua vipokea sauti akaviweka mezani.

"Kwa nini umesema hivyo?" Fundi aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Si kwa ubaya. Mtu anaweza kugusa bila kujua."

"Nimekwambia sikugusa."

"Mpenzi, otopailoti haijizimi yenyewe. Lazima usukani usogee. Nikiwa peke yangu haisusi. Ukija inasusa. Niambie, mimi nifikirie nini?"

"Sijui ufikirie nini. Sijui ndege zenu. Najua mikono yangu ilikuwa wapi."

"Sijasema wewe ni mwongo."

"Hukusema. Umesema mgeni amegusa."

Aliinama chini ya meza, akachomoa simu yake mwenyewe, akachukua mkoba mlangoni. Feni iliendelea kutazama stuli tupu.

*

Jioni hiyo Rubani alipiga, akapiga, na mwisho Fundi akapokea.

"Mpenzi, tusigombane kwa mchezo wa kompyuta."

"Mimi sigombani. Mwambie kaka yako asije mwisho wa mwezi."

"Kwa kitu kidogo hivi?"

"Ni kidogo, ndiyo. Kwa kidogo hiki umeshindwa kuniamini. Je, kesho likija kubwa, jirani akikwambia neno, pesa ikipotea ndani, nitasema siyo mimi, na wewe utatazama mikono yangu? Nitaishije humo?"

Fundi hakungoja jibu, akakata simu.

Wiki hiyohiyo bosi wa Fundi alimwita ofisini. Alikuwa amepata kazi ya kushona viti vya mabasi kwenye mji mwingine, mbali, safari ya kutwa nzima. Alikuwa anafungua karakana huko na alitaka Fundi aiongoze. "Nimekuangalia," alisema bosi. "Ukiharibu kitambaa huwa unakuja kuniambia kabla sijauliza. Nataka mtu kama huyo. Nipe jibu Jumapili jioni, Jumatatu natafuta nyumba ya kupanga."

Siku nyingine angelia kwa furaha. Alirudi nyumbani akamwambia mama mdogo, naye mama mdogo akaacha kukuna nazi.

"Utakwenda?"

"Ndiyo naona."

"Kwa sababu ya kazi au kwa sababu ya kumkimbia yule?"

"Mama mdogo, jamani."

"Nauliza tu. Kazi ukiifuata, nitakufungia mizigo mwenyewe. Lakini ukikimbia, huko utafika ukiwa umechoka." Akaendelea kukuna. "Lakini aliyosema mbele ya watu yameniudhi hata mimi. Nilishafua mapazia."

*

Siku chache baadaye, vyerehani vikiwa vinanguruma, wenzake walianza kukohoa kikohozi cha uongo. Fundi alipoinua uso alimwona Rubani mlangoni, shati limefungwa mpaka kooni, mkononi ameshika kile kisanduku cha nyaya.

"Fundi, umeletewa redio!" mmoja akadakia.

"Nyamazeni mshone," Fundi akasema, akatoka naye nje, upande wa kivuli, kwenye marundo ya sifongo.

Rubani alieleza huku ameshika kisanduku kama ushahidi wa polisi. Kaka yake alikuja kumtembelea, simu yake imezima. Akaichomeka, kama anavyomchomekea kila mgeni. Wakati kaka yuko jikoni anapasha chai, yeye akirusha, otopailoti ikasusa. Rubani akachomoa simu, ikashika. Akachomeka, ikasusa. Kisanduku kilikuwa dhaifu: simu ikianza kula umeme, usukani unapungukiwa na kutetemeka, kidogo tu, jicho halioni, lakini otopailoti inahisi kama mkono umeushika. Na kwa kuwa yeye akiwa peke yake huwa hachaji kitu pale, haikutokea.

"Kwa hiyo ni mimi," alimaliza. "Mimi ndiye niliyekuwa nachomeka simu yako. Nimemwambia Mwalimu na wote waliokuwepo. Nilisema nilikusingizia. Nisamehe."

Fundi alikuwa anachuna uzi kwenye sketi yake. Moyo wake ulikuwa umelegea aliposikia habari ya simu, maana aliona uchungu wake: wema mmoja, ule alioupenda kuliko wote, ndio uliomponza. Lakini bado kitu kilikuwa kimemkwama.

"Kaka yako ulimuuliza kama amegusa?"

"Hapana. Alikuwa jikoni."

"Ahaa. Angekuwa amekaa kwenye stuli?"

Rubani akakitazama kisanduku.

"Unaona?" alisema Fundi. "Umekiamini kisanduku. Mimi hujaniamini bado. Kaka yako asingekuja na simu iliyozima, mpaka leo ningekuwa mimi niliyegusa."

Mtu mwingine angebisha. Rubani alikaa juu ya sifongo, miwani ikimtelezea puani.

"Ndiyo," alisema. "Ndivyo ingekuwa. Nimefikiria nikudanganye, lakini ndivyo ingekuwa. Na nilikufundisha kuuliza ni mwisho kabisa. Mimi nikaanza nako."

Fundi alimtazama. Jibu lile halikuwa tamu, lakini lilikuwa la kweli, na yeye alikuwa na njaa ya neno la kweli. Akamweleza habari ya karakana mpya na jibu la Jumapili. Rubani aliposikia mji ule alikipakata kisanduku chake magotini.

"Hongera," alisema. "Bosi wako ana macho kuliko mimi." Alisimama, akajipangusa. Kabla ya kwenda aliinama akaokota uzi uliokuwa umeng'ang'ania ukingo wa sketi ya Fundi, akamwachia mkononi, bila kumgusa.

Jumamosi Fundi alikaa na simu mapajani muda mrefu. Mama mdogo alipita, akarudi, akapita tena na ndoo isiyo na kitu.

"Piga au uiweke. Umeitazama mpaka itapata haya."

Akapiga.

"Kesho nakuja," alisema. "Nataka kurusha mwenyewe. Wewe ukae kwenye stuli."

"Karibu," alisema Rubani.

*

Fundi hakuvaa la kupendeza makusudi. Alivaa sketi ya kazini na blauzi nyeupe, simu imejaa na iko mfukoni. Kisanduku kilikuwa kimebadilishwa kikawekwa kipya. Alikaa kwenye kiti alichokishona mwenyewe, Rubani akakaa kwenye stuli, mikono mapajani, kama yeye alivyokuwa anakaa.

Alipaa kwa kuyumbayumba. Rubani aliuma midomo lakini hakushika kitu. Juu ya mawingu Fundi akawasha otopailoti, ndege ikatulia. Jua la kompyuta lilikuwa linang'aa juu ya mawingu, na dirishani jua la kweli lilikuwa linalala kwenye ukuta wa jirani.

"Nina swali," alisema Rubani.

"Uliza."

Pii-pii-pii.

Pua ikazama. Fundi akashika usukani, mabawa yakalala, akayanyoosha, yakazidi, akayarudisha. Kimo kilikuwa kinakwenda. Kwa pembe ya jicho alimwona Rubani: mikono yake ilikuwa imekunjwa ngumi juu ya magoti, lakini macho yake yalikuwa mbele, kwenye kioo, pamoja na yake.

"Unaishika vizuri," alisema taratibu. "Pua juu kidogo tu. Hapo. Hapohapo. Tuko salama."

Ndege ikatulia. Fundi akatafuta kile kifungo chenye ngozi, kelele ikakoma. Akasubiri. Alisubiri lile swali. Rubani alivuta pumzi, akanyoosha vidole vyake kimoja kimoja.

"Swali lenyewe lilikuwa," akaendelea, "huko unakokwenda, watu wanavunja miwani?"

"Huulizi kwa nini imesusa?"

"Sijasikia ukisema kitu."

"Hii ya leo ni mimi. Nilitaka kukaa vizuri, goti likagonga usukani."

Rubani aligeuka akamtazama, mara hii usoni. "Mbona umesema? Nisingejua."

"Ndiyo maana nimekwambia."

Akaelewa. Ilimchukua muda, lakini ilimfika. Alivua miwani akaipangusa kwa shati, na hakuivaa haraka.

"Kwa hiyo siku ile," alisema, "kama ungekuwa wewe..."

"Ningekwambia kabla Mwalimu hajauliza. Ningekucheka, kisha ningekwambia pole. Mimi niko hivyo, Rubani. Sina ushahidi wa kukupa siku zote. Nina mdomo huu tu."

"Unanitosha."

"Usiseme haraka."

"Sisemi haraka. Nimekuwa nikisema wiki nzima, peke yangu, mpaka kaka amehamishia godoro jikoni." Akavaa miwani. "Nataka nikuoe. Ukisema hukufanya, hukufanya. Nitakosea, najua, kichwa changu kinapenda kutafuta sababu. Nikikosea unipigie kelele. Na kwenda, nenda. Ile kazi ni yako. Nimeuliza duka la miwani la huko, wanatafuta msagaji wa vioo. Lakini sitakuja kama hutaki."

Fundi alikuwa bado ameshika usukani. Machozi yalikuwa yanamtelemkia na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Rubani alitoa kile kitambaa cha kupangusia miwani, akamfuta, shavu moja, halafu la pili, kwa uangalifu kana kwamba anapangusa kioo cha mtu.

"Mwambie kaka yako aje," alisema Fundi. "Mama mdogo ameshafua mapazia mara mbili, ya tatu yatachanika."

Rubani alicheka mpaka stuli ikalia. Na hapo simu ikaita mfukoni mwa sketi. Alikuwa bosi.

"Niwekee sikioni, mimi siwezi kuachia," alisema Fundi. "Na uniambie, uwanja ndio ule?"

"Ndio ule. Punguza mwendo." Akamshikia simu.

"Fundi, jibu langu liko wapi? Na mbona unanguruma hivyo? Uko barabarani?"

"Niko kwenye ndege, bosi."

"Kwenye nini?"

"Jibu ni ndiyo. Nitaiongoza. Ila nyumba ya kupanga usiitafute ya mtu mmoja."

"Magurudumu," Rubani alinong'ona.

"Yapo. Bosi, subiri kidogo, natua."

Ardhi ilikuja haraka kuliko alivyotaka. Rubani alisema pua, pua, na Fundi akavuta, akavuta tena. Ndege ikagonga chini kwa kishindo, ikaruka kama chura, ikagonga tena, ikakimbia upande upande na kusimama nusu iko kwenye majani. Vipaza sauti vya kompyuta vilitoa mlio wa chuma mpaka majirani wakachungulia kwenye mlango uliokuwa wazi.

Simu ilikuwa bado sikioni.

"Jamani!" bosi alipiga kelele. "Mko wazima?"

"Wazima, bosi," wakajibu wote wawili kwa pamoja.